Ndege wa Einar

Huku kwetu Minnesota habari mbaya haisemwi mezani. Unapeleka bakuli la nyama na viazi vya kuoka, mnaijadili theluji, mnayasikitikia magoti ya mchungaji. Neno lenyewe linatoka mlangoni, ukishavaa koti. Ndivyo tulivyolelewa. Ni ujinga mtupu, lakini Desemba ile niliushukuru.

Jimbo lilikuwa linatafuta bendera mpya, na kila mwananchi aliruhusiwa kupeleka mchoro wake. Shoga yangu Ardis alipeleka ndege mzamaji, yule mweusi wa maziwani mwenye madoa meupe na jicho jekundu. Hakumchora. Alimkata kwenye koti la kanisani la marehemu mumewe, Einar, jicho akaliwekea kifungo, kisha mpwa wake akapiga picha wakaituma.

Jamani, Einar! Jioni za ujana wetu alikuwa akisimama kwenye gati la mbao, anakusanya viganja mdomoni na kulia kama mzamaji, na ndege wanamjibu kutoka ziwani. Wasichana wote mbavu hatuna. Ardis peke yake hakucheka.

"Wenzangu mmeolewa kwa ng'ombe wa maziwa," alikuwa akitutania baadaye, "mimi nimeolewa kwa mlio."

Natamani nirudishiwe jioni moja tu ya zile, hata na mbu wake.

Sasa kamati ya bendera ilikuwa imekata shauri: nyota nyeupe, buluu nzito, buluu nyepesi. Wazamaji waliopelekwa walikuwa tele. Hakupita hata mmoja. Na Ardis alishajiapiza kwamba bendera ikipandishwa mwezi wa Mei, Einar atapepea juu ya jimbo zima.

Nikapeleka bakuli langu kwa Ardis. Tukala. Tukaijadili theluji. Nikaaga, nikakaa tena, nikaaga. Lisilo budi hutendwa; pale mlangoni nikafunga vifungo vyote vya koti, nikafungua kimoja, nikakifunga tena.

"Marlys, sema basi, joto lote linatoka nje," akasema Ardis.

"Hakuchaguliwa."

"Najua. Redio ilisema asubuhi, nikaizima hapo hapo."

"Mama we! Na umeniacha nijikaange muda wote huo?"

"Ulileta chakula, shoga. Ningekukatizaje?"

Alitaka kucheka, midomo ikamkatalia. Akashika kitasa.

"Sasa wameweka nini?"

"Nyota. Na ile buluu nyepesi wanasema ni maji."

"Maji mengi?"

"Zaidi ya nusu."

Ardis akatazama kule ziwani, barafu tupu mpaka ng'ambo.

"Basi yumo," akasema. "Amepiga mbizi tu. Si unawajua, wanakaa chini mpaka ukate tamaa."

Nikamkumbatia, tukalia mlango uko wazi, na baridi yote ikaingia ndani.