Maiti wa Onyesho la Thelathini na Moja

Saa moja asubuhi mpambaji alipanga mezani sponji, poda na chupa ya damu bandia, akavuta kiti, na mdogo wake akaketi apakwe. Mdogo mtu alikuwa na siku kumi na tisa tangu azikwe. Mwigizaji aliyechukuliwa kucheza maiti alikuwa ametoroka na viatu vya filamu, kwa hiyo mwongozaji alifurahi moyoni kupata maiti anayewahi kazini.

"Usimpake sana," alimwambia mpambaji. "Hivyo hivyo yuko vizuri."

Filamu ilihusu mpelelezi wa koti refu anayewahoji wafu ili awajue waliowaua. Mdogo wa mpambaji alikuwa fundi taa wa filamu hiyo hiyo. Jioni moja ya mvua alishika nguzo ya taa, umeme ukamrusha, basi. Ripoti ya polisi ikaandika kwamba alikuwa amelewa. Pombe hakuwahi kuigusa hata kwa ncha ya ulimi, lakini mama yao aliisoma ripoti ile mara tatu, akaikunja, na tangu hapo hataki kulisikia jina la mwanawe nyumbani. Hilo lilimuuma dada mtu kuliko hata kifo chenyewe.

Fundi taa kurudi alirudi, ila bila sauti. Kalamu nazo zilimpita vidoleni, asiweze kuandika. Siku ya pili ya kurekodi ndipo walipogundua kwamba sauti yake hutoka kamera ikiwa inarekodi tu: alipiga chafya katikati ya onyesho, wote wakaisikia. Mwongozaji akamgombeza, maana maiti hapigi chafya.

Mpambaji akalipitia daftari la maonyesho. Katika la thelathini na moja, maiti anainuka na kumwambia mpelelezi nani aliyemuua.

"Siku hiyo useme ya kwako, mdogo wangu," alimwambia akimchora jeraha. "Mama atakusikia."

Mdogo mtu akaitikia kwa kichwa, rangi ikachafuka, ikabidi dada aanze upya.

Siku ikafika. Kando ya kamera aliketi afande aliyeandika ripoti ile ile. Kwenye filamu alikuwa mshauri wa mambo ya kipolisi. Kamera ikaanza kurekodi, maiti akainuka.

"Nilisema waya umelowa," alisema. "Nikasema tena. Mtayarishaji akaniambia washa, tunachelewa. Nikawasha. Sikunywa, mama."

Mtayarishaji alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akakimaliza. Mwigizaji wa mpelelezi, mtu wa kazi yake, aliandika kila neno. Afande akainua kidole, akaeleza kwamba mpelelezi wa kweli hashiki daftari namna ile.

"Kata," mwongozaji akasema. "Safi sana."

Filamu ilitoka miezi sita baadaye. Mama alibembelezwa wiki nzima ndipo akakubali kwenda sinema kuitazama. Fundi taa alikuja pia, akaketi upande wake wa kushoto. Mama akamwona, akamgeuzia mgongo. Mpambaji, kulia, alikaa roho juu, akingoja.

Maiti akainuka kwenye kioo kikubwa. Midomo yake ikasema waya, ikasema washa. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mtu mwingine kabisa.

"Nilikuwa nimelewa," ilisema. "Kosa ni langu."

Mpambaji akasimama. "Mama, hiyo si sauti yake! Wameibadilisha."

"Mtu akifa sauti hubadilika," mama alisema. "Keti, unawaziba watu."

Akageuka kushoto, akautafuta mkono wa mwanawe gizani, akaupata, akauweka mapajani pake na kuupapasa upate joto.

"Hayo tu ndiyo niliyotaka, mwanangu," alisema. "Ukiri mwenyewe. Nimekusamehe."

Fundi taa akafungua mdomo, lakini hapakuwa na kamera, akaufunga. Wakaangalia filamu mpaka mwisho.