Karani Asiyejibu Salamu

Maskini akipata matako hulia mbwata. Kaimenyi alikuwa mtu wa kwetu Meru, tena wa kijiji cha mama yangu, kwa hivyo aibu yake ilinifikia mimi Kajuju hapa Isiolo, kwa hoteli yangu ya chai. Serikali ilimpa meza na muhuri. Basi! Akasahau mdomo ni wa nini.

Siku hizo za vita vya shifta, ng'ombe walifungiwa kwa boma nje ya mji, na hakuna mnyama aliyetoka kwenda mtoni bila kibali cha Kaimenyi. Mzee Golicha, Mborana, alikuwa na ng'ombe mle ndani wakifa kiu. Kila asubuhi alisimama mbele ya ile meza akasema, "Nagaa?" Yaani, ni amani? Ujibiwe nagaa, ndipo useme shida yako. Kwa Mborana mwenye heshima zake, kutaja shida kabla salamu haijajibiwa ni utovu wa adabu. Kaimenyi alilijua hilo, kwa hivyo hakujibu. Alichokonoa meno na kijiti cha kiberiti mpaka mzee akachoka, akaenda. Eti hakumnyima kibali, mzee hakuomba! Mshenzi yule.

Lobokat, Mturkana aliyenipasulia kuni, ndiye alikuwa mchekeshaji wetu. Asubuhi moja alivaa kifuniko cha sufuria kichwani, akakalia debe, akatia kijiti mdomoni. Kaimenyi mtupu! Wateja wakaanza kumsalimia.

"Habari, bwana mkubwa?" Kimya.

"Salaam aleikum?" Akatazama mabati.

"Muga?" nikamwambia, salamu ya kwetu Meru. Akajikuna tumbo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Golicha tu, aliyeketi pembeni na shuka lake, hakucheka.

Kumbe D.O., afisa wa wilaya, alikuwa mlangoni, Kaimenyi nyuma yake. D.O. naye alikuwa anacheka.

"Huyu mkubwa ni nani?"

Macho yote yalienda kwa Kaimenyi. Mimi nikashindwa kunyamaza. "Bwana D.O., karani wako ndiye huyo! Kila siku mzee Golicha anamsalimia, hajibu!"

Kicheko cha D.O. kikakatika. "Mjibu mzee. Sasa hivi."

Golicha akasimama. "Nagaa?"

"Nagaa, mzee, nagaa!"

"Nyumba nagaa? Watoto nagaa?" Mzee hakuruka hata moja, na Kaimenyi alijibu yote huku jasho likimtoka. Kisha akarudisha, kama inavyotakiwa: "Na wewe, mzee, ng'ombe nagaa?"

"Nagaa."

Kaimenyi akamgeukia D.O. akichekelea. "Unaona, bwana? Ng'ombe wake ni wazima."

Ngai! Mtu amekaa Isiolo miaka yote hiyo, na hajui Mborana hujibu amani kwanza, habari mbaya baadaye. Alikuwa amejifunza ile nusu ya kumfaa yeye.

"Sasa sema shida yako, mzee," D.O. akasema. "Kibali utapata leo."

"Sina shida," Golicha akasema polepole. "Ng'ombe wa mwisho amekufa alfajiri. Leo nilikuwa naenda ofisini kwa sababu salamu yangu ilikuwa haijajibiwa."

Akajifunga shuka, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, na Kaimenyi pia. Mimi ningemtemea mate.