Picha ya Mama Akiwa Mzima

Wazo lilikuwa la dada mtu, yule muuguzi. Alimvuta Kinyozi, mdogo wake, hadi kwenye korido ya hospitali, akamnong'oneza, "Moyo wa Mama umechoka. Daktari hajanificha kitu. Na hatuna hata picha moja ya maana. Siku ikifika tutaweka nini mbele ya watu? Ile ya kitambulisho, amekodoa macho kama kashikwa ugoni?"

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi wa kunyoa na ulimi mwepesi zaidi wa kubembeleza, basi akatumwa yeye. Akamtafuta mpiga picha, mwanamke mmoja mwenye studio juu ya duka la dawa, aliyesifika kwa harusi na mahafali. Akamweleza kila kitu.

"Mwenyewe anajua?" mpiga picha akauliza.

"Hajui. Tutamwambia ni zawadi."

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Kinyozi akamfuata. "Mama, nataka upigwe picha ya heshima, studio."

"Kuna sherehe?"

"Hakuna. Nimekupenda tu."

Uongo ulimtoka laini, wala hakukohoa. Mama, aliyewashonea watu nguo maisha yake yote, akakaa kwenye cherehani kulipunguza gauni lake la buluu, maana ugonjwa ulikuwa umemkausha. "Sitaki gauni linivae mimi," akasema, pini amezibana midomoni, huku akicheka.

Studio, mpiga picha alimkalisha, akasogeza taa, akamnyooshea kola. "Mtazame mwanao, Mama." Mama akamtazama Kinyozi aliyesimama nyuma ya kamera, uso wote ukamchanua. Kinyozi akashindwa kuvumilia. Akajifanya anapokea simu, akatoka nje.

Picha ikatoka nzuri kupita kiasi. Na Mama hakufa. Dawa zilimkubali, mashavu yakajaa, cherehani ikaanza tena kulia mchana kutwa. Picha akaitundika sebuleni, na kila mgeni akasimuliwa: "Hiyo? Kazi ya kitinda mimba wangu huyu. Bila sherehe, bila sababu, kanipenda tu."

"Ama kweli umezaa!" wageni wakasema.

Kinyozi alikuwa akiinamia chai yake hadi pua inakaribia kuogelea. Baadaye hata chai akaikimbia. Kila alipoitwa, mara ana wateja, mara anaumwa kichwa. Mwishowe Mama akamkamata mlangoni.

"Mbona siku hizi unanikwepa, baba? Nimekukosea?"

Hapo Kinyozi akasema ukweli. "Mama, ile picha... ilikuwa ya msiba. Tuliiandaa mapema. Nilikudanganya."

Mama akaketi. Akaitazama picha ukutani kwa muda mrefu, kama anayemtazama mgeni asiyemtambua vizuri.

"Kumbe siku ile nilikuwa nawachekea waombolezaji."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusikia. Nenda nyumbani. Nina nguo ya mtu hapa, anaisubiri."

Kinyozi alidhani akisema atatua mzigo. Njiani akang'amua kwamba hakuutua popote. Amemtwisha mama yake. Na kweli, picha ilibaki palepale ukutani, lakini wageni walipoisifu, Mama alijibu, "Ni picha tu," akainamia sindano yake. Maneno hayo matatu yalimuumiza Kinyozi kuliko matusi. Laiti angemtukana.

Kisha binti wa muuguzi akahitimu chuo, na mpiga picha yuleyule akaitwa. Baada ya kuwapanga watu makundi makundi, akasema, "Sasa bibi peke yake."

"Peke yangu sipigwi," Mama akajibu kwa sauti ya kusikika.

Muuguzi akatazama viatu vyake. Mpiga picha naye akajitia kufuta lenzi iliyokuwa safi. Kinyozi alikuwa amejibanza nyuma ya shangazi mmoja mnene, akiomba asionekane.

"Wewe, baba! Njoo hapa."

Akaja akijivuta. Mama akamshika juu ya kiwiko, akambana kwelikweli.

"Simama wima," akamwambia polepole, yeye peke yake asikie. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua, Mama."

"Basi jua na hili: nimekukosa hapo nyumbani. Kesho uje."

"Haya, tabasamuni!" mpiga picha akaita.

Hakutabasamu mtu. Lakini Mama hakumwachia mkono, hata baada ya kamera kushushwa.