Sanduku la Kwaresima

Wenzake walimwita Sista Komeo, naye alijua na wala hakuchukia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa bawabu wa monasteri ya Wabenediktini, na wasemao husema hata panzi aliyeruka ukuta alipita kwanza dirishani pake kueleza shida yake.

Nyumba ile ilikuwa na desturi: kuanzia Jumatano ya Majivu, barua zote za masista ziliingia kwenye sanduku la bati, haifunguliwi hata moja mpaka asubuhi ya Pasaka. Ufunguo aliuvaa Komeo shingoni, pamoja na msalaba.

Mwaka uliotangulia, sista mdogo wa bustanini alimpigia magoti apewe barua ya kwao, maana baba yake alikuwa hoi.

"Tumemwachia Mungu vyote, mwanangu," Komeo alimjibu. "Hata bahasha."

Yule baba akafa Juma Kuu.

Mwaka huu, wiki ya pili ya mfungo, ikaja bahasha yenye mwandiko wa mdogo wake Komeo, fundi cherehani. Siku alipotoka nyumbani kwenda utawani, mama yao alisimama mlangoni akasema, "Nenda, lakini radhi zangu hutoki nazo." Hakumwambia neno tena. Miaka thelathini na minne Komeo aliombea dunia nzima, na kila sala akapenyeza ombi lake la wizi: radhi za mama.

Mama Mkuu alimkuta ameikodolea macho ile bahasha.

"Ifungue. Desturi ni yetu wenyewe, na ruhusa natoa mimi."

"Na yule wa bustanini nitamtazamaje?"

"Kwa macho, sista. Fungua."

"Ni amri, Mama?"

Mama Mkuu akasita. "Ni ruhusa."

"Basi naomba nisiitumie."

Akaitumbukiza sandukuni. Jikoni wakanong'ona kwamba yule ni mtakatifu anayetembea. Aliwasikia, na kusema kweli, sifa ile ilimkolea.

Asubuhi ya Pasaka akasoma: "Dada, mama hainuki kitandani. Anasema radhi zako anazo, ila haziweki kwenye karatasi. Anataka akushike kichwa. Fanya haraka."

Alifika kwao Jumanne. Mdogo wake alikuwa barazani anashona, na hakuinuka.

"Tumemzika, dada. Leo siku ya kumi na moja."

Komeo akajishikiza kwenye benchi la wateja, akakaa.

"Kila siku aliuliza mbona huji. Nikamwambia, mama, huko kuna bawabu anafungia barua. Si uliniandikia mwenyewe zamani habari za sanduku?" Akakata uzi kwa meno. "Usiumie. Radhi alikuachia, alizitamka mbele yetu. Aliyepata cha moto ni huyo bawabu."

"Kivipi?"

"Alimlaani. Sijapata kumsikia mama akilaani mtu namna ile. Alianza asubuhi, mchana akapumzika akanywa uji, akaendelea pale alipoachia. Mwanamke gani huyo asiye na mama?"

"Ni mimi," alisema Komeo.

Mguu wa fundi ukasimama kwenye pedali. Alimtazama dada yake, halafu akaitazama nguo iliyokuwa chini ya sindano.

"Tuliitikia amina, dada," alisema. "Wote tuliokuwa chumbani."