Kinyozi na Ua wa Dada

Shemeji yangu ni kinyozi, na kinyozi akishika mashine yoyote huona kichwa tu. Nasema hivi kwa upendo, ingawa siku ile nilitamani kumng'oa masikio.

Dada alikuwa wodini tangu jiko la gesi lilipomlipukia usoni. Vidonda vilishapona, daktari akamruhusu, lakini alikataa kutoka. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: awe anakaa uani, nyuma ya ua wa misaipresi yake, apate hewa bila mpita njia kumwona uso. Miti ile tuliipanda pamoja miche ikiwa haifiki goti. Inarefuka upesi kuliko watoto wa jirani, kwa hiyo kila msimu tuliipunguza ncha zingali laini. Samaki mkunje angali mbichi. Ikashonana mpaka hata paka hapenyi.

Sasa shemeji, kwa furaha ya kumpokea mkewe, akaazima mashine ya kukatia matawi. Nilipokuja kutandika kitanda nilimkuta anafagia. Alikuwa ameyapita majani mabichi yote, ameingia mpaka kwenye vijiti vikavu vya kahawia. Barabara nzima ilionekana. Muuza mitumba akanipungia mkono.

Shemeji akaniambia nisimkazie macho, nywele ukizinyoa mpaka kwenye ngozi ndiyo hurudi nyingi.

"Hizi si nywele," nikamwambia. "Msaipresi ukiukata mpaka kwenye kahawia, hauchipui tena. Ua umeuua, shemeji."

Alicheka, akidhani namtania kama kawaida yetu. Kisha akanitazama vizuri, akakaa chini palepale kwenye takataka.

Alimwaga maji, akamwaga mbolea. Akaanza kuyarudisha matawi aliyoyakata, akiyafunga kwa waya moja moja, vidole vikimtoka damu. Nilimsaidia huku nalia kwa hasira. Baada ya siku mbili yalikuwa yamenyauka. Tuliwaomba wauguzi wamweke dada siku chache zaidi tu, wakasema kitanda kimeshapangiwa mgonjwa mwingine. Shemeji akaniuliza kama kuna dawa. Nikamjibu kuna kupanda upya na kusubiri miaka.

Dada alishuka kwenye teksi amejifunika mtandio, akapitiliza moja kwa moja hadi uani. Akasimama. Kule barabarani watu wawili walipunguza mwendo, wakageuza shingo.

"Nirudisheni," akasema.

Shemeji alivuta shuka kwenye kamba ya nguo, akakimbia kusimama kati ya vile vijiti, akalitandaza kwa mikono yote miwili.

"Kaa, mke wangu. Hakuna anayekuona."

Shuka lilikuwa dogo. Nikaenda kushika pembe moja ili lifike mbali zaidi, lakini bado watu walionekana kulia na kushoto. Dada aliutazama ua wake, akatutazama sisi, akaingia ndani. Tulisikia komeo.

Nilipotaka kushusha upande wangu alinizuia.

"Usiachie, shem," akasema kwa sauti ya chini. "Labda anachungulia dirishani."