Mbavu za Robot

Siku mume wangu alipomleta yule mbwa nyumbani, nilizihesabu mbavu zake nikiwa bado mlangoni. Zilionekana zote. Nikamuuliza Baudouin, "Papa Gaël, huyu mbwa wamekupatia ao wamekutupia?"

Akacheka tu, akampitisha ndani.

Hakuwa mbwa wa kulinda. Alikuwa mbwa wa mbio, mrefu, wa kijivu, miguu kama vijiti. Watu walikuwa wakimshindanisha na wenzake nyuma ya mashamba ya miwa na kuweka dau, kitu ambacho sheria imekataza, mpaka mguu wake wa nyuma ulipovunjika wakamwacha hukohuko. Watu wa makao ya wanyama wakamwokota, wakamtibu, wakaanza kutafuta mtu wa kumlea. Na katika watu wote wa Pinetown, hapa kando ya Durban, wakampata mume wangu, ambaye daktari alikuwa amemwamuru atembee kila siku kwa sababu ya sukari.

Baudouin aliendesha mashine ya kubeba makontena bandarini miaka kumi na sita. Alipostaafu akakaa kwenye kochi, na alikaa kwa bidii kama mtu aliyeajiriwa kukaa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia mtoto wetu Gaël ampigie simu kutoka Cape Town. Wapi! Mbwa ndiye aliyemtoa. Asubuhi ya pili tu nilimkuta amevaa viatu, kamba mkononi, wanateremka barabara wawili hao, na mimi nimebaki dirishani nimeshika sufuria na mdomo wazi.

Alimpa jina la Robot, maana hapa ndivyo tunavyoziita taa za barabarani. Yule mbwa alikuwa na tabia ya kusimama ghafla katikati ya matembezi, kimya, kama aliyeona taa nyekundu. Baudouin naye husimama, akimngoja mpaka iwe kijani.

Nilijifunza mambo ambayo sikuomba kujifunza. Kwamba mbwa wa namna hii ana ngozi nyembamba, akigusa waya tu imechanika. Kwamba hana mafuta mwilini, Julai ikifika anatetemeka. Ikabidi nimkatie koti kutoka sweta ambayo mume wangu alikuwa akivaa kanisani. Kwamba hulala macho wazi, na ukimgusa ghafla anaruka kwa hofu, kwa hiyo unamwita kwanza. Kwamba huwezi kumfungulia kamba, maana akiona paka atafika Durban mjini kabla hujamaliza kumwita. Na meno! Kila jioni mume wangu alipiga magoti sebuleni kumpigia mbwa mswaki. Miaka thelathini ya ndoa, mimi hajawahi hata kunishikia kioo.

Lakini lililonishinda ni mbavu. Cathy, binti wa makao ya wanyama, mzaliwa wa Uvira aliyekulia hapa Durban, alitufundisha kwamba mbavu mbili tatu za mwisho lazima zionekane, ndiyo afya yake. Mimi nikasema moyoni, hiyo ni afya ya wapi? Kwetu mgeni akikonda nyumbani kwako, jina linaloharibika ni lako. Wiki ile ya kwanza nilimpa Robot bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Akaharisha siku mbili, Cathy akajua, akanisema kwa adabu lakini akanisema. Niliacha. Namwambia Mungu kabisa, niliacha.

Kwa hiyo mwezi wa tano tangu aje kwetu, Robot alipoanza kuchechemea na Cathy akaja na mzani wake wa sakafuni, nilisimama pembeni roho nyeupe. Robot akapanda juu ya mzani. Cathy akaangalia namba, akaniangalia mimi.

"Mama Gaël, amepanda kilo sita."

"Mi sikumupa kitu."

"Mama, mguu ulivunjika. Hauwezi kubeba uzito hii. Mulisaini karatasi." Akashusha sauti. "Nitarudi nyuma ya wiki mbili. Kama hajashuka, eish, watamupeleka kwa famille ingine. Iko moja inangoja."

Baudouin alimshusha Robot kwenye mzani. Alikaa kwenye kochi, mahali pake pa zamani, mkono juu ya kichwa cha mbwa. Nilipoona amekaa vile nikaogopa kweli. Mbwa akiondoka, kochi litamchukua mume wangu tena, na safari hii halitamrudisha.

Nikaanza upelelezi. Ndoo ya chakula cha mbwa nikaifungia bafuni. Nikamwendea jirani yetu Scola, Mtanzania wa Tanga anayekaanga maandazi, nikamwambia usoni kwamba anamlisha mbwa wangu kwa kumrushia juu ya ukuta. Scola aliweka chini mwiko wake.

"Mama Gaël, we vipi? Mimi mbwa nikimwona nabadilisha njia. Leo ndo nimlishe?"

Niliona haya, nikanunua maandazi kumi ambayo sikuyahitaji.

Jumapili baada ya kanisa nikaandaa chakula cha mchana. Sahani ya Baudouin niliijaza kama kawaida, na kuzidi. Ukweli ni kwamba miezi ile mume wangu alikuwa anakonda. Suruali zilimlegea, mkanda ulitobolewa tundu moja, likaja la pili. Nilijua sukari inamla, na kila tundu jipya nilijibu kwa mwiko mwingine wa bukari. Nilikuwa sijamwambia mtu. Kwenye saluni ninakosuka nywele, kule Albert Park, wateja walidhani nalia kwa sababu ya moshi wa nywele za kuchoma.

Manyunyu yakaanza. Nikatoka kuanua nguo. Kutoka kwenye kamba unaona dirisha, na kupitia dirishani unaona meza.

Nilimwona Baudouin akimega tonge, akalichovya kwenye sombe, akatazama mlango wa jikoni, kisha akateremsha mkono chini ya meza. Robot akalichukua polepole, kwa midomo tu. La pili. La tatu. Nilihesabu matonge saba. Halafu mume wangu akachukua mfupa wa kuku, akautafuna vizuri mpaka ukawa mweupe, akauweka ukingoni mwa sahani ambapo ningeuona. Akapangusa vidole.

"Mama Gaël!" akaita. "Asante. Nimeshiba!"

Nguo zilikuwa zinalowa mikononi mwangu. Niliingia nazo hivyohivyo, nikaketi mbele yake.

"Tangu lini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Sasa ni mwezi ya tatu."

"Chakula yangu imekuwa mbaya?"

"Hapana, Mama. Iko bien. Iko mingi tu." Aliitazama sahani. "Docteur alisema bukari isipite ngumi. Nilikuambia. Unakumbuka? Ulilia."

Nilikumbuka. Aliniambia nikiwa jikoni, na mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kambi ya wakimbizi. Kuna mwaka mmoja, tukiwa njiani kuja huku, ambao sikuwa na cha kuweka mbele ya mume wangu. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikayaita supu, naye akayanywa akasema nimeshiba. Kwa sauti ileile aliyoniitia sasa hivi. Siku ile niliapa kwamba Mungu akinifikisha, huyu mwanaume hataona tena sehemu ya chini ya sahani.

"Nilifikiri sukari inakumaliza," nikasema. "Wewe unatoboa mukanda, mi naongeza mwiko."

"Nilikuwa napona, Mama."

Ningemrushia zile nguo. Ningemkumbatia. Miezi yote hiyo mtu wangu anapona mbele ya macho yangu, na mimi ninamzika kila siku kimoyomoyo.

"Na mbwa?"

Tukamtazama. Robot alikuwa amelala kando ya kiti, mguu ule mbovu ameunyoosha, tumbo limejaa.

"Nilisema anakimbia, uzito itatoka," Baudouin akasema.

"Hakimbii tena, Papa. Anachechemea."

Mume wangu alivuka mipaka mitatu sikumwona akilia. Siku ile aliuficha uso wake kwenye viganja juu ya meza. "Ni mimi ndiye nimemuharibu," alisema. Nikamwambia hapana, tumemharibu wawili, wewe mkono na mimi sufuria.

Toka kesho yake nilimwambia aweke ngumi yake juu ya sahani, nami nikapima bukari kando yake. Kilichozidi nilikirudisha sufuriani. Mkono uliniuma kurudisha, sitadanganya. Robot alipimiwa chakula chake kwa kikombe, akapumzishwa, akatembezwa hatua chache asubuhi na jioni kwenye nyasi laini. Alipokuja kuweka kidevu kwenye goti la Baudouin wakati wa kula, Baudouin aliinua mikono yote miwili ili nione kwamba ni mitupu.

Jumamosi ya wiki ya pili Cathy akarudi na mzani. Kabla hajaufungua nilimwambia yote: matonge, mfupa, ngumi ya daktari. Ilinitoka kwa aibu, maana kumwambia binti mdogo kwamba mumeo alikuwa anajifanya anakula kwa kukuogopa si jambo dogo. Cathy alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Robot.

Kilo moja na nusu zilikuwa zimeshuka. Cathy akaupapasa mguu, akapitisha vidole ubavuni, akatabasamu. "Sharp. Mbavu ya mwisho inaanza kuonekana. Abaki kwenu."

Baudouin alitoka nje haraka, akajifanya anaangalia bomba.

Mgeni haondoki kwangu bila kula, kwa hiyo nikapakua. Cathy nilimjazia, akapokea, kijana huyo. Kisha mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukachota mwiko wa pili na kuelekea sahani ya mume wangu. Robot akainua kichwa.

Baudouin akaifunika sahani yake kwa kiganja. Mbele ya mgeni, jambo ambalo mwanaume wa kwetu hamfanyii mkewe.

"Inatosha, Mama," akasema. "Nimeshiba."

Nilimtazama machoni. Nikarudisha mwiko sufuriani, na kwa mara ya kwanza tangu maji yale ya chumvi, nilimwamini.