Ringi ya Mbele

Jumamosi mchana nilirudi kutoka sokoni nikakuta baiskeli yangu imeegeshwa ukutani, ringi ya mbele imepinda hata gurudumu halizunguki. Nilipomuuliza mume wangu, alinijibu kwa macho makavu, "Upepo umeiangusha."

Wifi yangu, anayekaa chumba cha pili, alikuwa anachambua mchele mlangoni. "Upepo wenyewe ulikuwa na kilo ngapi?" aliuliza.

Mimi sikucheka. Mume wangu tunamwita Tani Kumi. Ameendesha malori miaka kumi na tisa. Kampuni ilipouza malori yake yote alikaa nyumbani miezi mitano, ndipo akapata kazi ya kutunza stoo upande wa pili wa mji. Aanze Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, na meneja alishamwambia kwamba siku ya kwanza akichelewa asijisumbue kugonga geti. Saa hizo basi la huko halijaanza. Zamu yake itaisha saa sita mchana, mimi naingia kiwandani saa nane kushona sare, kwa hiyo baiskeli moja ingetutosha wote wawili. Kila nikimwambia hivyo, anasema atatembea. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili kasoro, na goti lake nalijua mimi ninayelikanda.

Niliipindua baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani. Kunyoosha ringi najua, tena vizuri. Naendesha kwenda kazini mwaka wa kumi na moja huu, na fundi wa pale kona, alipochoka kuniona, aliniuzia kifunguo cha spoki akaniambia nimwache apumue. Nililifungua gurudumu, nikalilaza kwenye ngazi ya mlango, nikaibonyeza ringi kwa goti mpaka ikarudi nusu. Nikalifunga tena, nikashika chaki yangu ya kushonea karibu na ringi, nikalizungusha polepole. Chaki inaandika pale tu ringi inapokuja upande wako. Hapo unalegeza spoki za upande huo, unakaza za upande wa pili, robo mzunguko, halafu unazungusha tena. Ukiwa na haraka, kanywe chai kwanza.

Nilivyoendelea kukaza ndivyo nilivyoelewa. Baiskeli ikiangushwa na upepo hukwaruzika pedali tu. Ringi hupinda namna hii mtu mzito akikata usukani wote ghafla, gurudumu likakaa ubavu, naye akalishukia. Na ni nani anayekata usukani wa baiskeli mpaka mwisho, kama anaingiza lori ghalani?

"Hebu nione viganja," nilimwambia.

Vilikuwa vimechubuka vyote viwili. Wifi alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga.

"Nilifika mpaka kwenye nguzo ya umeme," mume wangu alisema mwishowe. "Kona ndiyo iliyonishinda."

"Ulikata usukani."

"Sasa kona inakatwaje bila kukata usukani?"

"Kidogo tu. Kama unamgeuza mtoto shavu."

Alichuchumaa kando ya gurudumu. "Nifundishe, mke wangu," alisema.

Miaka kumi na minne ya ndoa, neno hilo sikuwahi kulisikia kwake. Mtu huyu huwa hata njia haulizi. Nilimpenda upya, nasema kweli, nikamkabidhi kifunguo cha spoki ili asiutazame uso wangu. Spoki za mwisho alizikaza yeye, kwa vidole vyake vinene, mpaka chaki ikakosa pa kuandika.

Jioni tulikwenda barabara ya nyuma ya shule, ambako Jumamosi hapiti mtu. Peke yake alianguka mara mbili. Baiskeli ilikuwa nyepesi mno, alilalamika, haina kitu nyuma. Nikaona huyu mwanamume ananiambia jambo la maana. Nikapanda karia, miguu yangu ikiburuzika chini huku na huku, nikamwambia twende.

Alitulia. Alikanyaga taratibu, mabega yakashuka, akaendesha kama mtu aliyebeba mali ya watu.

"Nimeinua miguu," nilimwambia.

"Najua. Mzigo umekaa vizuri."

Kona ikaja. Niliogopa, nikajizuia nisimsemeshe. Aligeuza usukani kidogo tu, tukapita, na nikafurahi mpaka nikampiga ngumi ya mgongo.

"Jumatatu natoka saa kumi na mbili kamili," alisema bila kugeuka.

"Na huku nyuma atakaa nani?"

"Wewe. Ukishanifikisha getini, rudi nayo nyumbani. Mimi kurudi kuna mabasi."